Filamu sita za Umm Kulthum kwenye DVD: uzoefu wangu

Kama Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri, unamjua kwa zile nyimbo za saa nzima tu, mtafute kwenye filamu. Nimenunua seti yenye filamu zake zote sita, kuanzia Widad ya 1936 hadi Fatma ya 1947, na sijutii pesa yangu.

Kilichonishika ni ufupi wa nyimbo. Kwenye maonyesho yake ya Alhamisi ya kwanza ya mwezi, yaliyorushwa na redio ya Misri, aliweza kuurudia mstari mmoja mpaka ukumbi mzima ukapagawa. Kamera haikumpa nafasi hiyo. Sikiliza "Ghanni li shwayya shwayya" ndani ya Sallama (1945), maneno ya Bayram al-Tunsi, muziki wa Zakariyya Ahmad: dakika chache tu, na hakuna pumzi iliyopotea. Kila herufi inatoka safi. Baba yake alikuwa imamu wa kijiji, yeye mwenyewe alianzia kwenye chuo cha Kurani na kasida za dini, na hilo unalisikia hata anapoimba mapenzi. Wanaojifunza kuimba taarabu wakae na wimbo huu. Wazee wetu wa Unguja walizinyonya tuni za Misri kwenye santuri, redio na senema, na hapa unaona walichokuwa wakikitazama.

Kuigiza? Kwenye Widad, akiwa mjakazi anayeuzwa baada ya bwana wake kufilisika, bado mwili umemkaza. Lakini kwenye Fatma ni muuguzi aliyeolewa kwa siri na mtu wa ukoo wa kitajiri, kisha akakanwa, na pale anapoidai haki yake nilimwamini kabisa. Inauma kwamba hakucheza filamu nyingine baada ya hiyo. Maradhi yalimwandama, na taa kali za studio hazikuyafaa macho yake. Redio ndiyo iliyobaki naye karibu mpaka mwisho, alifariki 1975.

Kuhusu seti yenyewe: sauti ya Widad ina mkwaruzo mwingi, na maneno ya tafsiri chini ya picha hayapo kwenye filamu zote, kwa hiyo asiyejua Kiarabu atabahatisha hadithi. Picha ya Sallama ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Aida (1942) haikunikaa moyoni.

Nyota nne kati ya tano. Anza na Sallama, kisha Fatma, na Dananir (1940) uitazame usiku ambao huna haraka.