Rufaa ya fidia ya ulemavu kwa wanajeshi wastaafu Marekani: dai la nyongeza au mapitio ya ngazi ya juu?

Tangu Februari 2019, mwanajeshi mstaafu aliyenyimwa fidia, au aliyepewa asilimia ndogo ya ulemavu, ana njia hizi mbili kabla ya kufika kwenye Bodi ya Rufaa.

Dai la nyongeza, fomu 20-0995, linataka ushahidi mpya unaogusa sababu ya kukataliwa. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanarundika kurasa za hospitali zinazothibitisha maumivu ya goti, ilhali barua ya uamuzi ilikubali goti ni bovu na ikakataa tu kwamba jeshi ndilo lililosababisha. Kinachokosekana ni maoni ya daktari aliyesoma faili, akisema uwezekano wa uhusiano huo ni angalau asilimia 50, na kueleza kwa nini. Bila maelezo hayo, barua ya daktari haina uzito. Idara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu (VA), inayoamua madai haya, pia ina wajibu wa kusaidia kutafuta rekodi.

Mapitio ya ngazi ya juu, fomu 20-0996, hayapokei karatasi mpya hata moja. Afisa mwandamizi huangalia faili upya. Unaweza kuomba mazungumzo ya simu kumwonyesha kosa. Yanafaa pale ushahidi ulikuwemo ukapuuzwa. Ukishindwa, huwezi kuyarudia kwa suala lilelile.

Mapitio lazima yaombwe ndani ya mwaka 1 tangu tarehe ya barua ya uamuzi. Dai la nyongeza halina ukomo, ila ukichelewa zaidi ya mwaka, kwa kawaida unapoteza malimbikizo ya nyuma.