Thimlich Ohinga: enda, lakini beba maji

Wasee wa Kisumu na Migori mnaopanda ndege kwenda kuona makumbusho ya mbali, hii ya hapa nyumbani mmeiona? Ni ngome ya mawe juu ya kilima huko Migori, inakadiriwa ilijengwa karne ya 16, na tangu 2018 iko kwa orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kuta zingine zinapita mita 4 na hakuna simiti wala udongo wa kushikanisha, ni jiwe juu ya jiwe, ukisongea unaona wamepanga kubwa nje na ndani halafu vijiwe vidogo vimejazwa katikati, fundi wa siku hizi angejaribu hiyo ingeanguka kabla alipwe. Milango ni mifupi makusudi, lazima uiname, so adui akiingia anatanguliza kichwa, hahaha. Kuna hadi sehemu walikuwa wanayeyushia chuma.

Aliyetuongoza alijua kazi yake sana, na haharakishi mtu. Barabara sasa, wueh, vumbi na mawe, gari ya chini usijaribu wakati wa mvua. Hoteli karibu sikuona, bebeni chapati zenu.