Portra, HP5 na Cinestill kwa harusi ya Mombasa: mikanda ya filamu niliyoitumia

Jamani mie si mpiga picha wa kulipwa, hilo mlijue mapema. Nna Nikon FM2 ya mkono wa pili na lenzi moja ya milimita 50, basi. Binamu yangu alipoposwa akaniganda, dada nataka picha za mkanda kama zile za mamangu, sitaki mambo ya simu. Nikasema sawa, nani atamkatalia bi harusi, halafu nikaenda kuangalia bei nikakaa chini.

Portra 400 ya Kodak ndo filamu ambayo kila mtu wa harusi atakutajia. Zamani ungeambiwa pia Pro 400H ya Fuji, lakini Fujifilm walitangaza Januari 2021 kwamba wanaiacha, kwa hivyo ukiiona inauzwa leo jua ni mzigo wa zamani na muulize muuzaji imelala wapi miaka yote hiyo, kwenye friji au kwenye kabati lenye joto la Mombasa. Mkanda mmoja picha 36. Thelathini na sita! Watu washazoea kupiga mia tatu kabla bwana harusi hajashuka garini. Mie nilichukua mitano ya Portra, na hela niliyolipa siitaji maana mume wangu naye anajua kusoma.

Je inafaa? Kwa mchana, inafaa wallahi. Bwana harusi alikuwa anatoka msikitini Mji wa Kale baada ya alasiri, kile kichochoro nusu kivuli tititi nusu jua la kuchoma macho, na wanaume ishirini wa kanzu nyeupe wanakuja mbele yangu. Simu ya shemeji ilitoa kanzu kama shuka lililoanikwa, huoni hata mshono. Portra imeshika tarizi ya shingoni uzi kwa uzi, na wale waliokuwa kivulini ukutani nyuso zao zimo, na rangi ya ngozi ni yetu, si ile ya kupaushwa na programu za simu.

Lakini usiipige kama 400, hiyo ni namba ya ISO, inasema filamu ina wepesi gani wa kushika mwanga. Weka mita, kile kipima mwanga cha kamera, kwenye 200, yani uilishe mwanga mara mbili, manake filamu ya negativu, ile inayotoka kinyume, cheupe kikawa cheusi, inapenda kushiba, ikikosa mwanga vivuli vinatoka kama matope. Na mita usiielekeze kwenye kanzu, itadanganyika idhani mwanga ni mwingi mno, uifuate ufunge lenzi, nyuso zitoke makaa. Mie nilipima kwenye kiganja changu mwenyewe kivulini nikaacha hapo hapo, sikugusa tena.

Friji ni lazima kwa joto letu hili, ila mie mkanda wa kwanza niliutoa kwa friji nikaufungua pale pale jikoni, na unyevu wa hapa mnaujua, ukatoka jasho kama chupa ya soda. Picha nne za mwanzo zina madoadoa. Uache kwenye kikopo chake umefungwa, saa moja mbili, mpaka upoteze baridi. Na kama unaagiza Nairobi ukaja nayo kwa SGR, kule mizigo inapita eksirei, ISO 400 ikipita mara moja kwenye mashine ya kawaida hamna shida, zile mashine za CT za viwanja vya ndege ndo za kuogopa, hapo omba ikaguliwe kwa mkono.

Cinestill 800T sasa. Nilinunua mmoja kwa sababu ya usiku, ni filamu ya sinema iliyotolewa ile tabaka nyeusi ya mgongoni ili iweze kuoshwa kwa dawa za kawaida za rangi, na bila hiyo tabaka kila taa kali inapata duara jekundu kuizunguka. Kwa picha za barabarani usiku inapendeza. Kwa jukwaa la harusi lililopambwa vitaa mia mbili, mamake bi harusi aliziangalia akauliza, taa ziliungua? Tena imetengenezwa kwa taa za manjano za zamani, hizi za LED nyeupe zinaitoa buluu, kila mtu kama ana homa. Sirudii.

Lakini shida yenyewe haikuwa hapo, ilikuja kwenye kupamba. Wanawake watupu, buibui ziko kwenye ndoano, simu zinakusanywa mlangoni na shangazi mmoja ambaye hata waziri hapiti kwake. Mie nikaruhusiwa na kamera, watu wakafurahi, haina kioo, hamna cha kurushwa WhatsApp. Basi halati yangu akanisogelea.

"Mwanangu, hizo picha zi wapi?"

"Zimo ndani halati, mpaka zioshwe."

"Zioshwe na nani?"

Nikanyamaza. Manake Portra ningeipeleka kwa mtu, na huko kuna kijana anayeiosha, kijana anayeiskani, na kompyuta ambayo sijui nani mwengine anaifungua. Nikaifunga Portra mkobani nikatoa HP5 Plus ya Ilford, nyeusi na nyeupe, nilikuwa nayo miwili kwa bahati tu. Hiyo naiosha mwenyewe nyumbani.

Ndani ya ukumbi niliisukuma hadi 1600, yani niliipiga kama ISO yake ni 1600 halafu nikaiosha muda mrefu zaidi kufidia, na sikutumia flashi. Chenga zipo, ile picha kuwa na punje punje, ndio, na weusi unakuwa mzito, nywele zinaungana na ukuta wa nyuma, lakini asumini kichwani zinang'aa na sura zina uhai. Kitu kimoja sikukitarajia, piko imetoka kali kama wino ila ile hina nyekundu iliyojazwa katikati karibu yote imepotea, kwenye nyeusi na nyeupe wekundu wake na rangi ya ngozi vinakaribiana mno. Kwa hivyo mikono ya bi harusi ipige kwa filamu ya rangi nyumbani mapema, kabla wageni hawajafika, peke yake.

Kuosha sasa. Kwa 1600 na dawa ya ID-11 isiyozimuliwa, Ilford wanataka dakika 14 kwa digrii 20. Digrii 20, Mombasa! Maji ya mfereji yenyewe yanatoka vuguvugu. Nikaweka chupa za dawa kwenye beseni la barafu, kipimajoto mkononi, ukichelewa kidogo inapanda. Dawa za rangi zinataka kama digrii 38, hizo hapa ungefika bila jasho, lakini zinaharibika upesi na kosa dogo linageuza rangi, sijathubutu na harusi ya mtu. Na maji ya kisima msitumie, chumvi yake inakaukia juu ya filamu. Mie nilichanganya dawa na maji ya dukani, suuza ya mwisho nikatumia maji ya betri ya petroli steshen, yale matupu jamani, si ya asidi, someni chupa.

Kwa hivyo Portra nampa nyota nne, moja imepotelea kwenye bei. HP5 tano kwa kazi ya ndani. Cinestill mbili, na hizo ni kwa heshima.

Nilipomaliza kuzipiga picha negativu kwa kamera ya dijitali nikampelekea halati zile zenyewe, zote, na faili zikabaki kwa bi harusi peke yake. Halati akasimama dirishani akainua ukanda mmoja kwenye mwanga, akautazama weee, akaanza kucheka.

"Mbona sote tuna meno meusi?"

Kisha akazikunja kwenye karatasi, akazitia kwenye kasha lake, ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso.