Nilimtafuta daktari kwenye rejista ya KMPDC kabla ya kulipa: uzoefu wangu

Baada ya watoto watatu, wa mwisho kwa kisu, tumbo langu lilibaki kama gunia lililomwagwa unga. Nimetembea Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, alfajiri mwaka mzima, uzito ukashuka, tumbo likakataa kata kata. Wifi yangu ndiye aliyeniletea habari za kliniki moja ya Nairobi inayofyonza mafuta tumboni: picha za kabla na baada, bei ya ofa mpaka mwisho wa mwezi, na daktari anayeitwa kwa jina moja tu kama mwimbaji. Walitaka nusu ya pesa ili "kushika nafasi". Kabla sijatuma nikaingia kwenye tovuti ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno Kenya, na huduma hiyo ndiyo ninayoitolea maoni.

Kutafuta ni bure na simu inatosha. Unaandika jina au namba ya usajili. Tatizo ni kwamba rejista ina majina ya kitambulisho, nami nilikuwa na hilo moja la usanii. Nikapiga kliniki kuomba namba. Binti wa mapokezi akacheka: "Dada, daktari wetu anajulikana, hata wake wa wabunge wanakuja." Nikamwambia wakaribie, lakini mimi nataka namba. Ilikuwa "nitakupigia" mpaka siku ya tatu, ndipo nikapewa majina kamili.

Kumbe yumo, na leseni yake ya mwaka ni hai. Nadhani wengi huishia hapo, roho ikatulia, wakalipa. Mimi nikateremka mpaka kwenye shahada: MBChB, ile ya kwanza ya udaktari, basi. Pa ubingwa hapakuwa na kitu. Yaani ni daktari wa kweli, malaria yangu angeitibu vizuri tu, lakini hapakuwa na dalili kwamba amesomea upasuaji wa plastiki. Bingwa wa kazi hii utamkuta na MMed, yaani shahada ya uzamili, ya upasuaji huo, au ufuzu wa COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Nilipouliza, nikatumiwa picha za vyeti vinne vyenye mihuri ya dhahabu. Nilivikuza nikavisoma. Kimoja kilikuwa cha mafunzo ya siku tatu ya sindano za midomo!

Nikaangalia na kituo chenyewe, kwa sababu baraza hilo hilo ndilo linalotoa leseni za hospitali na kliniki. Hili nalisisitiza. Mwaka 2024 mwanamke alifariki Nairobi baada ya kufyonzwa mafuta kwenye kliniki ya urembo, na nchi nzima ikauliza maswali ambayo ilipasa yaulizwe mapema. Niliwauliza wa kwangu nani atanipa dawa ya usingizi na nikizidiwa usiku nitapelekwa hospitali gani. Sikujibiwa. Nikatumiwa ofa mpya, imeshuka zaidi.

Rejista ina mapungufu yake. Haikuambii mtu amepasua matumbo mangapi, wala wagonjwa wake wanasemaje. Tena kwetu kila mwenye koti jeupe tunamwita daktari, ilhali maafisa wa kliniki wana baraza lao na wauguzi lao. Jina lisipotokea KMPDC, huenda ni mmoja wao. Kazi zao ni za heshima, ila kukaza tumbo si mojawapo.

Mwishowe nikampata bingwa hapa hapa Mombasa, mtu mzima, ambaye siku nyingi hushughulika na waliochomeka moto na watoto wenye midomo sungura. Namba ya usajili alinitajia mwenyewe kabla sijaomba. Akanilaza, akaniambia niinue kichwa, vidole vyake vikazama katikati ya tumbo: misuli imeachana. Kufyonza mafuta, ile niliyokuwa nikiuziwa kwa ofa, kusingeiunganisha hata kidogo. Akanieleza kovu litapita wapi, akanieleza habari za damu kuganda miguuni na kupanda mapafuni, kisha akauliza kama nataka mtoto mwingine. Nikasita. Akafunga faili. "Mama, nenda kazungumze na mzee kwanza." Pesa ya ushauri ililipwa, upasuaji haukupangwa, nami nikatoka nimeridhika kuliko siku zote.

Rejista naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa sababu ilinigomea jioni mbili, ukurasa haufunguki.

Wifi alininunia wiki mbili kwa kumwaibisha mbele ya watu wake wa kliniki. Juzi kanitumia majina matatu ya daktari wa meno wa mwanawe, hata salamu hakuna: "Niangalizie huyu."