Keki ya limau na bluberi kwa mikseri ya kusimama, uzoefu wangu (angalieni spidi namba moja kabla ya wati)

Naanza na jibu kabisa kwa wale wenye haraka: mashine nimeipenda na ningeichukua tena, ila kwa keki ya limau na bluberi inakufanyia nusu ya kazi tu, ile nusu nyingine ukiiachia inakuharibia. Nazungumzia ile mikseri ya kusimama, yenye kichwa kinachonyanyuka na bakuli la chuma la lita 4 na nusu hivi, inakuja na mwiko bapa, mchapo wa waya na ndoano ya kukandia unga wa mkate. Jina la kampuni sitaji, maana nina sifa na nina malalamiko, na kusema kweli mengi ntakayoandika hapa yanahusu mashine za aina hii karibu zote.

Kwa nini nimeipima kwa keki hii na sio nyingine? Kwa sababu keki ya chokoleti inaficha mambo mengi, weusi wake tu unafunika. Hii ya limau haina pa kujificha, ukipiga unga kupita kiasi utaona mashimo marefu ukikata, siagi isipoumuka vizuri keki inakaa nzito kama sabuni, na bluberi zikipasuka rojo lote linageuka rangi ambayo mgeni ataangalia mara mbili kabla hajaonja. Kwa hiyo mashine ikiiweza hii, hizo zingine nyingi itaziweza.

Vipimo ninavyotumia: siagi gramu 170, sukari gramu 200, mayai matatu, unga wa ngano gramu 220, bekingi pauda vijiko viwili vya chai, chumvi robo kijiko, mtindi mzito mililita 120, malimau mawili, na bluberi gramu 200. Inaingia kwenye bati refu la sentimita 23 kwa 13.

Sasa kitu cha kwanza kilichonifurahisha ni limau. Harufu ya limau haipo kwenye maji yake, maji ni uchachu tu na ile harufu yake kidogo inapotea kwenye oveni. Harufu yenyewe iko kwenye ganda la njano, kwenye vile vifuko vidogo vya mafuta, na hicho ndo unakwaruza, ukifika kwenye weupe acha maana huo ni mchungu. Watu wengi wanasugua maganda na sukari kwa vidole mpaka sukari inakuwa na unyevu, na inafanya kazi vizuri, ila mi naitupia mashine: sukari yote na maganda ndani ya bakuli, mwiko bapa, spidi ya chini, dakika mbili hivi. Chembe za sukari zinakwaruza ganda na kutoa mafuta yake yote, sukari inageuka njano kidogo na jikoni kote kunanukia. Hapa mashine imenishinda mimi na vidole vyangu, sina ubishi.

Halafu siagi. Hapa ndipo hela ya mashine inaporudi jamani. Siagi na sukari inabidi vipigwe mpaka viwe vyeupe na vyepesi, kwa mkono na mwiko wa mbao unaweza lakini wengi wetu tunachoka tukiwa hata nusu hatujafika, tunajidanganya kwamba imetosha. Na hii hatua sio ya mapambo. Chembe za sukari zinapopita kwenye siagi zinaingiza vipovu vidogo vya hewa, na bekingi pauda haitengenezi vipovu vipya, inakuza vile vilivyopo tayari, kwa hiyo kama hukuingiza hewa mapema hata uongeze bekingi pauda keki itakuwa na matundu makubwa machache au itapanda na kushuka. Mashine inafanya hii kazi dakika 4 mpaka 5 kwa spidi ya kati huku wewe unapaka bati siagi na kutandika karatasi.

Ila angalizo, siagi iwe laini ya kubonyea kwa kidole lakini isiwe inang'aa mafuta, nyuzi joto 18 mpaka 20 hivi, kwa sababu mashine yenyewe inapopiga inaongeza joto. Ukianza na siagi iliyolegea sana, ikifika mwisho imeshakuwa kama losheni na haishiki hewa tena. Kama jikoni kwako kuna joto anza na siagi iliyo baridi kidogo ukiikata vipande vidogo, mashine itailainisha yenyewe. Na tumia mwiko bapa, usitumie mchapo wa waya, ule ni wa ute wa yai na krimu, siagi ngumu inapinda zile nyaya na utalia.

Lalamiko namba moja sasa. Mashine inapiga vizuri katikati na pembeni, lakini chini kabisa ya bakuli pale penye kile kimlima kunabaki duara la siagi na sukari ambayo haijaguswa kabisa, unafika kwenye kumimina unakuta utepe wa siagi tupu unatoka mwishoni, na huo utepe ukiingia kwenye bati unatengeneza doa la mafuta kwenye keki. Kitabu cha maelekezo hakisemi chochote kuhusu hilo, au kinasema kwa maandishi madogo sana ambayo mimi sikuyaona. Dawa yake ipo: mashine nyingi za kichwa cha kunyanyua zina skrubu pale kwenye shingo, ukiigeuza kidogo kichwa kinashuka au kupanda. Weka sarafu safi chini ya bakuli, washa spidi ya chini kabisa, mwiko unatakiwa uisogeze sarafu kidogo kila unapopita. Isiposogea mwiko uko juu sana, ikisukumwa mfululizo au ukasikia chuma kinasaga basi uko chini sana. Baada ya kurekebisha tofauti ilikuwa kubwa, lakini bado nasimamisha mashine mara mbili tatu nakwangua chini na pembeni kwa mwiko wa mpira, hiyo haikwepeki kwenye mashine yoyote.

Mayai yanaingia moja moja na yasiwe yametoka kwenye friji sasa hivi, maana yai baridi linagandisha siagi na rojo linakatika, linakuwa kama maziwa yaliyoganda. Likikatika usitupe, tia kijiko kimoja cha unga kutoka kwenye ule uliopima na uendelee, linarudi. Mashine hapa inafanya vizuri tu, sina la kusema.

Tukifika kwenye unga ndo nataka mnisikilize. Kila mtu anayeuza mashine atakuimbia wati, mara 1000 mara 1500, na mimi nilikuwa naangalia hizo hizo. Wati zinakwambia mota inakula umeme kiasi gani, hazikwambii ni nguvu kiasi gani inafika kwenye mwiko, na kwa keki hata hiyo nguvu yenyewe huihitaji. Keki inahitaji spidi ya chini iliyo ya chini kweli. Unga wa ngano ukishakutana na mtindi na mayai, kila mzunguko unajenga gluteni, ile inayofanya mkate uvutike, na kwenye keki huitaki. Ya kwangu spidi namba moja ni ya haraka mno, halafu inaanza kwa kushtuka, yaani ukigeuza tu kile kitufe unga unaruka juu unakutua usoni. Kuna kifuniko cha plastiki cha kuzuia hilo lakini kina mlango mdogo hivyo kwamba kumimina unga pale unahitaji mkono wa fundi saa. Mashine nzuri zinaanza taratibu zenyewe halafu zinapanda, ukiwa dukani omba waiwashe uone hiyo.

Kwa hiyo ninavyofanya: unga, bekingi pauda na chumvi navichekecha pamoja pembeni, natia theluthi, nagusa spidi ya chini sekunde kumi tu, natia nusu ya mtindi na vijiko viwili vya maji ya limau, naendelea hivyo mpaka theluthi ya mwisho ya unga, na hiyo ya mwisho mashine haiigusi kabisa. Nanyanyua kichwa, natoa bakuli, namalizia kwa mkono na mwiko wa mpira, kukunja kutoka chini kuja juu mpaka unga mkavu usionekane, basi. Uvimbe mdogo mdogo uache, utayeyuka kwenye oveni.

Na bluberi hivyo hivyo, kwa mkono. Kuna video zinaonyesha mtu anamwaga bluberi kwenye mashine inayozunguka, sijui hao keki yao inatoka rangi gani. Mwiko wa chuma unazipasua, maji yake yanasambaa na rangi inakuwa zambarau chafu. Na hapa nieleze ile rangi ya kijani ambayo watu wanaogopa wakidhani keki imeoza. Rangi ya bluberi inabadilika kwa uchachu, kwenye kitu kichachu inakuwa nyekundu nyekundu, kwenye kitu chenye magadi inaenda buluu mpaka kijani. Kwa hiyo ukizidisha magadi soda kwenye rojo utaona duara la kijani kuzunguka kila tunda. Haina madhara, lakini haivutii. Ndo maana kwenye hii keki natumia bekingi pauda peke yake, na limau na mtindi vinasaidia kulishikilia rojo upande wa uchachu.

Za kugandisha zinafaa kabisa, tena mara nyingi ndo ninazotumia, lakini usiziyeyushe. Zitoe friza dakika ya mwisho, zikoroge na kijiko kimoja cha unga, ziingize haraka kabla hazijaanza kutoa maji, na ongeza dakika 5 mpaka 10 kwenye kuoka. Kuhusu kuzama, ule unga wa kupakia unasaidia kidogo tu, kinachozuia tunda lisizame ni rojo kuwa zito. Rojo linalodondoka kwenye mwiko kwa vipande linashika, linalotiririka kama uji litazamisha hata bluberi uzipake unga kilo nzima. Mimi naweka kwanza tabaka la rojo tupu chini ya bati halafu lile lenye matunda juu, na chache nazipachika juu kabisa kwa urembo.

Oveni nyuzi 170, kama ina feni shusha mpaka 155 hivi. Inachukua dakika 55 mpaka 65 kwa bati hilo. Kijiti kitoke na chembe chache zenye unyevu, ila ukikichoma kwenye tunda kitatoka na maji ya zambarau ukadhani haijaiva, choma sehemu mbili tatu. Ikiwa bado moto naitoboa toboa juu na kumwagia maji ya limau moja yaliyochemshwa kidogo na sukari gramu 60, inanywa yote. Ikipoa kabisa ndo aisingi: sukari ya unga gramu 120 na maji ya limau kijiko kikubwa kimoja na nusu, ukizidisha kidogo tu inateleza yote inaishia kwenye sahani.

Matokeo: keki laini, inakatika bila kumomonyoka, matundu madogo madogo sawasawa juu mpaka chini, na hilo la matundu ndilo nampa sifa mashine moja kwa moja, kwa mkono sikuwa napata hivyo. Siku ya pili inakuwa tamu zaidi maana limau limeshaenea.

Mengine kwa ufupi. Kelele ipo, spidi ya kati unaweza kuongea na mtu lakini sio kwenye simu. Uzito wake ni mkubwa, kwa hiyo iwe na mahali pake pa kudumu, ukiiweka kabatini utaacha kuitumia. Mwiko wa alumini isiyopakwa rangi usiuweke kwenye mashine ya kuoshea vyombo, unageuka kijivu na unaacha weusi mkononi, osha kwa maji na sabuni ya kawaida na ukaushe. Na ukitaka kupiga ute wa yai moja sahau, mchapo haulifikii, angalau mayai mawili.

Kama unaoka keki mara moja moja, mikseri ya mkono inatosha kwa hii keki, hatua ya siagi itachukua muda zaidi na mkono utachoka kidogo basi. Ya kusimama chukua kama unaoka kila wiki au unakanda na mkate. Ukienda kununua, kabla hujauliza wati, mwambie muuzaji aiwashe namba moja bakuli likiwa tupu na uhesabu mizunguko kwa macho: ukiweza kuufuata mwiko vizuri ukizunguka, hiyo inafaa kwa keki. Ukishindwa kuufuata, mwambie alete nyingine.