Krita mikononi mwa mbunifu wa madubwana: tathmini ya programu ya kuchorea

Anayebuni viumbe wasiokuwepo ana kazi mbili: kutunga mwili ambao haujawahi kuonekana, kisha kumfanya mtazamaji aamini kwamba mwili huo una uzito, unapumua na unaweza kusimama kwa miguu yake. Programu ya kuchorea haiwezi kumfanyia mtu kazi ya kwanza, lakini inaweza kumsaidia au kumkwamisha sana katika ile ya pili, na hicho ndicho kipimo ninachokitumia hapa kuitathmini Krita. Hii ni programu huria inayotolewa bure chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha, iliyokulia ndani ya mradi wa KDE, jumuiya ya watengenezaji wa programu huria, na ina wakfu wake nchini Uholanzi. Hufanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS, na lipo pia toleo la tableti za Android. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeshika kalamu na kuchora, wala si kwa ajili ya kurekebisha picha za kamera, na jambo hilo huonekana tangu dakika za mwanzo: ukibofya kitufe cha kulia, duara lenye brashi uzipendazo na rangi ulizozitumia karibuni hufunguka pale pale kalamu ilipo, nawe huna haja ya kuhangaika na menyu.

Dubwana huanzia kwenye umbo lake la nje. Kama halitambuliki likiwa doa jeusi tupu, magamba na meno hayatalikomboa baadaye. Katika hatua hii Krita ni nyepesi na haina bughudha: unachukua brashi nene, unapaka rangi moja, na unabonyeza E ili brashi hiyo hiyo igeuke kifutio na kuchonga nafasi iliyo kati ya pembe na bega. Herufi ninayoithamini kuliko zote, hata hivyo, ni M, ambayo hugeuza mwonekano wa kanvasi kushoto kuwa kulia bila kugusa chochote ndani ya faili. Jicho likishauzoea mchoro huacha kuona makosa yake, lakini ukiugeuza ghafla utaona kwamba mnyama mwenye mabega mazito anaangukia upande mmoja kwa sababu mguu wake wa mbele haukuwekwa chini ya uzito, au kwamba taya lake limepinda kuliko fuvu linavyoweza kuruhusu.

Umbo likikubalika, huja mpangilio wa matabaka, yaani kurasa angavu zinazolaliana na kila moja kubeba sehemu yake ya mchoro, na hapa mgeni anahitaji subira kidogo. Krita ina alama ndogo ya herufi alfa kwenye kila tabaka. Ukiiwasha, rangi ya tabaka hilo huonekana tu pale ambapo matabaka yaliyo chini yake yana rangi tayari. Kwa hiyo unaweza kupaka kivuli, madoa na mng'aro wa ngozi juu ya umbo la joka bila hata tone moja kuvuka mpaka wa mwili wake. Sharti ni kwamba umbo na matabaka yake yakae ndani ya kundi lao peke yao, kwa kuwa vinginevyo rangi ya mandhari ya nyuma nayo huhesabiwa na mpaka hupotea. Wengi hudhani kifaa hiki hakifanyi kazi, kumbe kundi ndilo linalokosekana. Juu ya kila kitu ningemshauri mtu aweke tabaka la kichujio linaloondoa rangi zote na kuacha kijivu peke yake, ambalo analiwasha na kulizima kadiri anavyochora, maana zimwi lenye rangi kali linaweza kupendeza sana huku mwanga na kivuli chake vikiwa vimechanganyika hovyo.

Ngozi ndiyo inayonifanya niisifu programu hii bila kusita. Ukibonyeza W, kanvasi hujirudia pande zote bila kikomo, na mstari unaotoka ukingo wa kulia huingia papo hapo ukingo wa kushoto. Chora humo magamba machache ukiyapa ukubwa tofauti, mengine yakiwa na kingo zilizochanika, weka kivuli chembamba chini ya kila gamba mahali linapolalia jingine, na utapata kipande cha ngozi kinachoungana bila mshono. Kihifadhi kama ruwaza, kijaze kwenye tabaka la rangi lililo juu ya shingo ya joka, kisha tumia kifaa cha kugeuza umbo kukipinda kifuate mviringo wa shingo hiyo. Mtu asiishie hapo, kwa sababu magamba yanayolingana kila mahali humfanya kiumbe aonekane amevishwa kitambaa. Kwenye viungo, kama nyuma ya goti na chini ya kwapa, ngozi ya mtambaazi wa kweli hukunjana na magamba yake huwa madogo, ilhali mgongoni huweza kuwa makubwa na magumu. Tofauti hizo inabidi zichorwe kwa mkono, na injini ya brashi inayochanganya rangi hapo hapo kwenye kanvasi huzifanya kwa uzuri wa kipekee: ukikandamiza kidogo inavuta rangi iliyopo, ukikandamiza zaidi inaongeza mpya, kutegemea ulivyoipanga.

Vifaa vya ulinganifu vipo na hufanya kazi vizuri, ila vitumike kwa kiasi. Uso wa zimwi uliochorwa nusu na kuakisiwa nusu ya pili hukamilika haraka, nao hubaki bila uhai mpaka jicho moja lishushwe kidogo au jino moja livunjwe.

Kuna mahali ambapo programu hii inadai kompyuta yenye nguvu. Picha ya pikseli 4000 kwa 4000 katika biti 8 kwa kila mkondo wa rangi (nyekundu, kijani, buluu na uwazi) huhitaji takriban megabaiti 64 za kumbukumbu ya kompyuta kwa tabaka moja lililojaa, na katika biti 16 kiasi hicho huwa maradufu. Matabaka 40 ya namna hiyo katika biti 8 tayari yanapita gigabaiti 2.5 kabla ya kuhesabu kumbukumbu ya hatua za kurudi nyuma. Mipangilio inakuruhusu kuchagua kiasi cha kumbukumbu kitakachotumika, na ni vyema kuiangalia mapema kabla faili halijawa zito. Mafaili ya PSD, yaani yale ya Photoshop, hufunguka, lakini si kila kilichomo hufika kama kilivyokuwa, jambo linalomhusu sana anayebadilishana kazi na studio inayotumia Photoshop. Anayejenga viumbe kwa kuunganisha vipande vya picha za wanyama halisi pia atapata urahisi zaidi kwenye programu zilizotengenezwa kwa uhariri wa picha. Kwenye Android mpangilio wa vitufe ni ule ule wa kompyuta, hivyo kioo kidogo huwa na msongamano, na kwa watumiaji wa iPad hakuna toleo kabisa.

Kwa upande mwingine, toleo la 5.0, lililotoka Desemba 2021, lilileta kinasa kazi ambacho huhifadhi hatua za mchoro na kuziunganisha kuwa video. Kwa mwanafunzi hiki ni cha thamani kubwa, kwa kuwa kinamwonyesha ni wakati gani alikimbilia kuchora manyoya ilhali mifupa ya bawa haijakaa sawa. Ningempendekezea Krita bila shaka yoyote mtu anayetaka kuchora viumbe vyake kwa mkono tangu doa la kwanza hadi mng'aro wa mwisho kwenye mboni ya jicho, mradi awe na kalamu ya kidijitali inayohisi mkandamizo, kwa sababu kwa kutumia kipanya nusu ya uwezo wa brashi hizi haitaonekana.