Chai ya viungo yenye ladha ya kashata: nini ununue, nini uache sokoni

Wenzetu wa Ulaya na Marekani kuanzia Septemba mpaka Novemba, majani ya miti yakianza kupukutika na baridi inaingia, ndo wanahamia kwenye chai za ladha ya keki, pai ya tufaa, boga na mdalasini. Miezi hiyohiyo huku Mtwara sisi tunaokota korosho na jua linawaka, ila usiku ukiingia na wewe unataka kitu cha moto, kitamu, kisichokukosesha usingizi, na majani ya chai ya kawaida yana kafeini. Mimi ladha ninayoitaka ni kashata ya nazi na korosho, na kazi kubwa iko kwenye kuchagua jani la kuanzia.

Namba moja ni rooibos, majani ya kichaka yanayopikwa kama chai. Inatoka Afrika Kusini, milima ya Cederberg, haina kafeini, hata ukiisahau kwenye maji nusu saa haikazi mdomo, na ina kautamu kake kwa mbali kwa hiyo sukari unaweka kiduchu au huweki kabisa. Ubaya ni bei, alafu kwa wauza viungo wa sokoni usiitafute, uliza supamaketi au mtu akutumie na basi toka Dar. Soma boksi kabla hujalipa: kama wameandika ladha ya vanila au karameli rudisha, chukua ile tupu.

Namba mbili mchaichai, na kama hela ya mawazo ndo anza na huu, pengine jirani anao uani hata hununui. Uwe mbichi, bua nene, chini jeupe. Ule mkavu wa siku nyingi unanuka makuti tu. Ladha itaegemea kwenye limau kuliko kashata, sio mbaya.

Namba tatu choya, yaani rozela. Rangi yake hamna anayebisha, lakini ni chachu, ukitia maziwa yanakatika hapohapo, sasa kashata utaipatia wapi? Ipike na ganda la chungwa, mdalasini na karafuu mbili upate kitu cha kufanana na jemu. Mimina kiganjani kabla ya kupima, ile ya kuanikwa chini ina mchanga. Na kama unameza dawa za presha muulize daktari kwanza maana choya nayo inashusha.

Mkiani kabisa zile poda za chai zilizochanganywa tayari, hujui zilisagwa lini na nyingi ni tangawizi inayomeza kila kitu. Kuna atakayeuliza, na kochoko je, lile bibo (tunda la mkorosho) lililokaushwa, si tamu? Tamu ndiyo, ila likikauka linakwangua koo, waachie wenye shughuli nalo.

Viungo nunua vizima. Iliki iwe ya kijani, imefumba, ukiipasua punje ni nyeusi na zinanata, ile nyeupe inayocheza ndani ni ganda tu. Karafuu ibonyeze kwa ukucha, ikikosa mafuta iache. Mdalasini wenye gamba moja nene gumu ni kasia, mkali na una kumarini nyingi ambayo sio rafiki wa ini kwa mtu wa kunywa kila siku, ule wa magamba membamba mengi yaliyojisokota pamoja ndo mpole, na kwenye ladha ya kashata huo ndo unakaa vizuri.

Kwa nusu lita ya maji chemsha iliki nne na kijiti cha mdalasini dakika tano, tia rooibos vijiko viwili vya chai, funika, epua. Korosho kiganja kimoja kaanga kavu mpaka ziwe na rangi ya kahawia, twanga, tia humo, acha dakika kumi uchuje. Tui zito robo kikombe linaingia mwisho na halichemki tena, likitokota linakatika. Onja kabla ya sukari: inatangulia iliki, nazi inabaki mdomoni, korosho zinachelewa, na zikichelewa sana tia chumvi chembe tu.

Korosho zenyewe usinunue zile nzima nyeupe za kupeleka zawadi, chukua vipande, bei iko chini na si unaenda kuzitwanga.